Kizibo cha Kavinya

Jumanne, 20 Mei

Ndovu wamepita Marungu tena. Usiku wa kuamkia jana waliingia shamba la kina Kavinya na hawakuacha kitu — mahindi, kunde, hata ule mpapai mmoja karibu na jikoni. Shamba la kina Solomon limepakana nalo, katikati kuna ua wa miiba tu. Halikuguswa! Hata jani moja. Watu wameenda kuangalia, wamesimama pale mpakani, upande huu kumekwisha, upande ule mahindi yanapepea. Kila mtu anatikisa kichwa.

Kavinya alikuja shule leo kama kawaida. Yunifomu imepigwa pasi. Mama yake hakosi, hata dunia ikianguka yule mtoto atakuja na kola imenyooka. Ni wageni hapa, walihamia kutoka Kibwezi mwanzo wa mwaka, mtoto akaletwa kwangu wiki ya pili ya muhula huu.

Jioni tulichagua wa yai. Niandike hapa jinsi tunavyofanya, maana siku moja nikizeeka nitasahau. Kuku wa darasa anaitwa Madoa. Alitolewa na mzazi kwa ajili ya 4K Club, chama cha kilimo cha shule, na karibu kila siku anatuachia yai moja. Mimi nina kopo lenye vizibo vya soda, kila mtoto wa Gredi ya Pili ana kizibo chake, jina nimeandika ndani kwa cutex nyekundu, ile rangi ya kucha. Kengele ya mwisho ikikaribia nafumba macho, natia mkono, natoa kimoja. Mwenye jina anaenda na yai nyumbani. Kizibo kinarudi koponi, kesho tena. Haki tupu! Hakuna kupendelea, hakuna nani amekaa vizuri. Hata Wendy wangu, ambaye shuleni ananiita Ticha kama wengine, anangoja bahati yake.

Leo alikuwa Solomon. Mara ya tatu tangu shule zifunguliwe. Darasa zima lilipiga kelele utafikiri amefunga bao.

Alhamisi, 22 Mei

Tulikuwa tunachambua maharagwe na Wendy. Nikamuuliza tu, mazungumzo ya jikoni, ni nani mtoto mzuri darasani.

Solomon, akasema. Hata hakufikiria.

Kwa nini?

"Si anapata yai."

Nikamwambia: Solomon alikufinya wiki jana mpaka ukalia, nikaona mwenyewe. Akasema alikuwa anacheza. Tena ndovu hawakuenda kwao!

Na Kavinya je?

Akachambua haragwe moja muda mrefu sana. Akasema Kavinya ni mbaya kidogo. Nikauliza amekufanyia nini. Alifikiri kwa kweli, maskini, alitafuta kabisa, uso umekunjana. "Hajanifanyia kitu." Halafu akasema hajawahi kupata yai, na kwao kuliingia ndovu, na juzi alianguka mtaroni akachafua soksi.

Hiyo ndiyo kesi yote. Na huyu ni mtoto wangu, nimemlea mimi! Wiki mbili zilizopita yeye na Kavinya walikuwa wanakula kwa kikombe kimoja.

Nilimweleza kwamba ndovu hachagui mtu mbaya. Akaitikia ndiyo, mama. Ndiyo ya kutaka niache.

Jumatatu, 26 Mei

Dawati la mbele ni la watoto watatu: Wendy, Kavinya, Elsie. Leo Elsie amesema haoni ubao vizuri akahama. Baadaye Wendy naye haoni ubao. Mbele kabisa, na haoni ubao! Nikawarudisha wote wawili. Wakarudi, lakini wakajibana upande mmoja mpaka Elsie nusu yake ilikuwa hewani. Upande wa pili Kavinya peke yake. Alikuwa anachora, hakuinua kichwa. Alichora nyumba, akaipaka rangi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Nilikasirika. Nikawapa hotuba. Hotuba haikuingia popote.

Tena hasira yenyewe nusu ni ya kujionea haya, kwa sababu mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kule Mgange, nikiwa na miaka saba. Jerusha, jirani yetu. Nyumba yao iliungua, na mwaka ule ule ng'ombe wao akateremka bondeni akavunjika. Tulikuwa tunakula muwa pamoja kila siku tukitoka shule. Baada ya moto sikumpa tena mkononi. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Niliona tu kwamba mikono yake ina kitu.

Sijafikiria Jerusha miaka na miaka.

Jumatano, 28 Mei

Madoa amegoma kutaga. Siku mbili amekaa kiotani amejitandaza, ukisogea anavimba na kunguruma. Anataka kuatamia. Watoto wamefurahi kuliko siku ya kufunga shule. Vifaranga!

Lakini mayai yake yote tumeshayagawa, hakuna la kumwekea. Nikapita kwa mama mkwe, Nyanya Wakio, ana jogoo na mayai ya kutosha. Akanipa kumi na moja bila neno. Witiri, akasema, hesabu isiyogawanyika kwa mbili, usije ukaweka kumi na mbili. Na uyachore mstari kwa makaa, ili Madoa akizidisha lake ujue ni lipi.

Kisha akauliza nani atayaweka.

Mimi, nikasema, nani mwingine?

Akacheka. Akanikumbusha kwamba mayai ya kuatamia hayawekwi na yeyote tu. Anatafutwa mtu mwenye mkono mzuri. Kwao mbegu ya kwanza ilikuwa inatiwa udongoni na shangazi yake, hata kama ni mgonjwa anabebwa, kwa sababu mkono wake haukuwahi kukataliwa na udongo. Akasema kwa watoto wangu atafutwe yule wa mpakani, ambaye ndovu walimruka. Na sio yule mwingine. Akashusha sauti alipofika hapo.

Nyanya Wakio! Mzee wa kanisa! Anayeongoza ushirika wa akina mama kila Alhamisi!

Na Wendy alikuwa mlangoni amesimama, masikio wima. Kesho darasa lote litajua.

Ijumaa, 30 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo kumekuwa na baridi, manyunyu tangu alfajiri. Nikatoa sweta yangu ya kijani iliyokuwa imening'inia nyuma ya mlango wa darasa tangu ile wiki ya mvua mwanzoni mwa Mei. Nikaivaa. Nikatia mikono mifukoni kupasha vidole joto.

Kizibo.

KAVI, nafasi ya jina lote haikutosha. Cutex nyekundu. Mwandiko wangu.

Nikakumbuka yote papo hapo. Siku aliyoletwa na mama yake, niliandika jina lake, nikakipuliza, hakikukauka, nikaitwa ofisini. Nikakitia mfukoni uso juu kisipakike. Nikarudi, nikavua sweta, nikaitundika. Kwisha.

Hakuwahi kuwa koponi! Hata siku moja. Kila jioni amekaa amekunja mikono, macho kwa mkono wangu, nami nafumba yangu kwa mbwembwe, nazungusha, nachelewesha ili wasisimke. Wiki tatu na zaidi. Na wenzake wanahesabu. Kavinya hapati. Kavinya hana bahati.

Ndovu sikuwaita mimi. Lakini yai ni mimi.

Nilifanya nini? Nilisubiri watoto watoke kwenda kucheza nikakitumbukiza koponi kimya kimya, kama mwizi anayerudisha. Nilijiambia si kuna wengine pia hawajapata, Geoffrey hajapata hata mara moja na kizibo chake kimo tangu Januari. Ni kweli. Lakini Geoffrey hakuna anayemhesabu. Kwao hakujaingia ndovu.

Mume wangu Ronald amepiga simu kutoka Salaita, bado wanajenga lile tangi la maji, wiki mbili zaidi. Nilitaka kumwambia nikaishia kumwambia habari ya mvua.

Jumanne, 3 Juni

Nimefanya jambo, na sijui kama ni zuri.

Saa nne tulitoka nje wote, Madoa kwa banda lake, mayai kumi na moja kwenye ungo, kila moja na mstari wake wa makaa. Watoto wanaimba Solomon, Solomon. Solomon mwenyewe ameshanawa mikono. Nikasema hapana, tutatumia kopo, kama kawaida.

Nikatia mkono. Kizibo cha Kavinya kilikuwa kiganjani mwangu tangu darasani, nimekibana kwa kidole gumba.

Nikakitoa. Nikasoma: Kavinya.

Wimbo ukakatika. Kavinya alinitazama, hakuamini, akaangalia nyuma yake. Nikamwambia njoo. Akaja. Alibeba yai moja moja kwa mikono miwili, akapiga magoti, akalisukuma chini ya kuku polepole, na Madoa ambaye amenidonoa mimi mara tatu wiki hii hakumgusa. Mara kumi na moja. Alipomaliza alikuwa anacheka. Sijawahi kuona meno ya yule mtoto yote. Ana pengo mbele, sikujua.

Nilifurahi! Nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Solomon akasema, si kwa ubaya, kama mtu anayesema mvua inakuja: "Zitakufa."

Na watoto wakaitikia kwa vichwa.

Nimefanya nini? Nimechukua mtoto ambaye jina lake limeharibiwa na bahati, nikamweka mbele ya darasa lote, nikafunga jina lake kwa mayai kumi na moja. Yakianguliwa, sawa. Yasipoanguliwa? Hakuna hotuba itakayomsafisha. Tarehe ishirini na nne, siku ya ishirini na moja.

Nimemwambia Ronald kwa simu, yote, na kizibo cha sweta. Alicheka mpaka akakohoa. Mke wangu ameiba kura! Halafu akaniuliza nitawaambia lini. Nikasema network inapotea.

Alhamisi, 5 Juni

Kavinya anafika shuleni kabla yangu. Nimemkuta amechuchumaa kando ya banda, anamnong'oneza Madoa kwa Kikamba. Amemletea maji kwa kifuniko cha ndoo na punje za mahindi mkononi. Mahindi! Sijui ameyatoa wapi, kwao hayapo.

Hakuna mtoto mwingine anayekaribia banda.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya saba. Nyanya Wakio alikuwa amenifundisha kuyapima, nikakaa na Kavinya storini kwenye giza, tochi ya simu chini ya yai. Ukiona mishipa kama mizizi midogo, kuna mtu ndani. Ukiona mwanga mtupu, hakuna.

Manane yana mizizi. Matatu matupu.

Nilimweleza kwamba matatu yale hayakuwahi kuwa na kitu tangu yalipotoka kwa kuku, mkono wake hauhusiki, hata mkono wa malaika usingesaidia. Akaniuliza kama ninaweza kuandika barua nimwambie Solomon hivyo. Barua, yenye muhuri wa shule.

Tulipoyarudisha, Madoa akalikanyaga moja. Saba.

Darasani waliuliza ngapi. Nikawaambia ukweli, saba. Watoto wakatazamana. Solomon alitaka kusema kitu, nikamwangalia, akafunga mdomo. Wendy alikuwa anamwangalia Kavinya. Macho ya huruma, nadhani, au natamani yawe hivyo. Lakini hakuhama kutoka upande wake wa dawati.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Kavinya amekuja. Alisimama mlangoni mpaka nikamwambia karibu mara mbili. Alikuwa na leso ya kanisani. Alipoingia alivua ndala mlangoni, kwenye darasa la sakafu ya saruji iliyopasuka.

Alisema hajaja na malalamiko, Mwalimu. Anataka tu kunijulisha kwamba mapumziko ya katikati ya muhula yakifika, atampeleka Kavinya kwa bibi yake Kibwezi, asome huko. Shamba limeisha, ndiyo, lakini sababu sio shamba. Mzee wake amepata kibarua kwenye shamba la mkonge, watakula. Ni mtoto. Anarudi anauliza kama ni yeye aliwaita ndovu. Jumapili walimkuta amefunga mikono yake na kitambaa, ati isiguse mbuzi.

Nikasogeza kiti changu karibu naye.

Akasema amesikia habari ya kuku. Kwamba Mwalimu alimchagua mtoto wake kwa kura. Akanishukuru! Akanishika mikono yote miwili. Akasema wakitoka vifaranga, labda mtoto atataka kubaki, wataona. Wasipotoka, ataondoka naye Alhamisi mapumziko yakianza, tarehe ishirini na sita. Hatamwacha hapa akaangaliwe hivyo.

Mtoto amefunga mikono yake na kitambaa. Nimeandika mara moja, siwezi kuandika tena.

Jumamosi, 14 Juni

Voi. Chakula cha kuku, chaki, dawa ya Nyanya Wakio ya mgongo. Jua kali. Nikapita Kaloleni kutafuta kitambaa cha pazia, na muuza vitambaa akanitazama, akaniita kwa jina la utoto ambalo hakuna mtu aliyeniita tangu mama afariki.

Jerusha!

Mnene, mzuri, miwani shingoni kwa uzi, watoto wanne, mmoja yuko chuo. Tulikumbatiana juu ya meza ya vitambaa. Tulicheka, tukauliza fulani yuko wapi, fulani alikufa lini. Nilikuwa karibu kuondoka, halafu sikuweza. Nikamuuliza kama anakumbuka ule mwaka wa moto.

Akasema anakumbuka. Akasema, na hakuwa amekasirika, alikuwa anakunja pazia langu: "Ulikuwa unanirushia muwa. Zamani ulikuwa unanipa mkononi, halafu ukaanza kunirushia, kama mbwa."

Nikasema nisamehe.

Akasema tulikuwa watoto, sisi sote. Lakini akaongeza kwamba mpaka leo, mteja akimwekea hela mezani badala ya mkononi, moyo wake unaruka kidogo. Miaka thelathini. Akanipa chenji yangu, akaibonyeza kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mkono wake na kukishikilia.

Nimelia njiani. Watu wakafikiri nimetoka kwa matanga.

Jumatano, 18 Juni

Nimewaambia.

Asubuhi, kabla ya hesabu. Nikavaa ile sweta makusudi, na jua lote hili. Nikamwaga vizibo vyote mezani, nikawaita wakasimama kuzunguka. Nikawaonyesha mfuko. Nikawaambia siku Kavinya alipokuja niliandika jina lake, nikakitia kizibo hapa, nikasahau. Wiki zile zote mkono wangu ungeweza kuzunguka koponi mpaka Krismasi usimpate. Hakukosa bahati. Ticha alikosea. Nikasema Kavinya, nisamehe, mbele ya wote.

Nilitegemea nini? Labda waniangalie kwa macho makubwa, waelewe, wamkumbatie.

Solomon akauliza, kwa hivyo kama ungekitia angepata?

Nikasema sijui. Labda. Labda hapana.

Elsie akauliza kama sweta ina shimo.

Halafu Geoffrey, mtoto ambaye huongea mara moja kwa wiki, akasema yeye kizibo chake kimo ndani siku zote na hajawahi kupata. Kila mtu akageuka kumtazama. Na naapa — kijana aliyesimama karibu naye akasogea hatua moja kando. Hatua moja! Nimetoka kuwaeleza! Bado nimeshika mfuko!

Nilitaka kuketi chini nilie au nicheke, sijui lipi.

Kavinya alikuwa ameshika kizibo chake, anakigeuza. Akasema polepole, si kwa mtu yeyote, "Kumbe nilikuwa kwa sweta ya Ticha." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyepotea akaambiwa alikuwa wapi. Halafu akazunguka meza akaenda kusimama pale penye nafasi, kando ya Geoffrey, mabega yakigusana. Akamwonyesha kizibo.

Wendy aliona. Chakula cha mchana aliwafuata wawili hao mpaka chini ya mti wa mwarobaini, akasimama mbali kidogo akikwaruza gome kwa kucha. Mwishowe akakaa. Sikusikia walichosema. Nikaona kikombe kikienda kwa mmoja, kikienda kwa mwingine.

Sikuwaambia habari ya kiganjani. Ya siku ya mayai. Ningesemaje? Ungamo moja kwa siku linatosha.

Jumapili, 22 Juni

Kuku wa Nyanya Wakio ameangua. Tisa, wote wazima, wanakimbia uani. Baada ya ibada akanivuta pembeni. Amesikia yote, kwa Wendy bila shaka. Alikuwa anaona haya, mama mkwe wangu, nikaona kwa jinsi alivyokuwa anarekebisha kilemba kisichohitaji kurekebishwa. Hakusema amekosea. Alisema Jumanne yakikataa, Mama Wendy, mimi nitaleta wanne. Utawasukuma chini ya Madoa kabla watoto hawajaja, nani atajua? Kuku hana hesabu.

Nikasema huo ni uongo.

Akasema mtoto amefunga mikono yake na kitambaa.

Jumatatu, 23 Juni

Hakuna kitu. Mapema bado, najua. Kavinya ameomba kulala shuleni. Nimekataa. Geoffrey amejitolea kulala naye, na Wendy naye, Wendy ambaye haendi hata chooni peke yake.

Mama Kavinya ameshafunga sanduku. Mtoto ndiye aliniambia, hakulia, alisema tu kama habari. Alhamisi asubuhi.

Jumanne, 24 Juni

Naandika ofisini, mchana. Wenzangu wameenda kula. Sijawahi kuleta shajara shuleni, leo mikono inataka kazi.

Asubuhi: hakuna. Saa nne: hakuna. Madoa ametulia tu, macho nusu. Nimeingiza mkono, yote saba yana joto, hakuna ufa hata mmoja. Sikio langu kwa yai: sisikii kitu, nasikia damu yangu mwenyewe. Inaweza kuchukua siku ya ziada. Inaweza kuwa yamekufa kitambo. Ndani ya yai hakuna dirisha.

Nyanya Wakio alikuja saa nne na nusu, kwa mlango wa nyuma, boksi chini ya leso. Vifaranga wanne. Ameniachia miguuni akaondoka bila hata kunywa maji. Wanalia wakipata baridi, nimewafunika kwa sweta. Ile ile.

Mpango ulikuwa: watoto wakipanga foleni ya chakula, mimi niende bandani haraka.

Nilienda. Boksi chini ya kwapa. Nikafika nyuma ya ukuta wa banda nikasikia sauti. Hawakuwa wameenda kula. Kavinya, Geoffrey, Wendy, na Solomon amesimama juu yao, mikono kiunoni, anawaambia alisema tangu zamani. Zimekufa. Ukikaa hapo utapata pia.

Nikangoja Kavinya alie. Hakulia. Wendy ndiye alijibu, na mdomo umejaa mahindi: "Na zikikufa? Tutaweka zingine. Kavinya ataweka tena."

Solomon akasema zitakufa tena.

Wendy akasema basi tutaweka tena. Halafu akamwambia Solomon ama akae ama aende, anamzibia kuku jua.

Na Solomon, Mungu wangu, akakaa. Mbali kidogo, lakini akakaa.

Mtoto wangu. Nilisimama nyuma ya ule ukuta nimekumbatia boksi. Nilimpenda mpaka ikaniuma. Nikarudi ofisini. Nimeamua: vifaranga wanarudi kwa Nyanya leo hii, na jioni naenda kwa Mama Kavinya mwenyewe, nimwambie yote, kizibo cha mfukoni na kile cha kiganjani, na nimwombe asimpeleke mtoto Kibwezi, iwe yameanguliwa iwe hayajaanguliwa. Yai lisiamue. Nimesimama kutafuta kamba ya kufungia boksi

Mlango.

Ni Kavinya. Amekuja kuomba ruhusa ya kumpa Madoa maji, na vifaranga wamemsikia wameanza kulia wote wanne pamoja, chini ya meza yangu. Nimekaa tena nimeinamia kitabu, ajue nina kazi, aende. Haendi. Amechuchumaa. Ameinua ncha ya sweta. Kifaranga mmoja amepanda kwenye kiganja chake, naye hajarudisha mkono, ameukunjua wote.

Wendy yuko nyuma yake. Yeye hatazami vifaranga. Anatazama boksi. Ni la viatu vyake vya Krismasi, jina lake ameliandika mwenyewe ubavuni, na asubuhi lilikuwa kwa nyanya yake.

"Ticha," Kavinya anauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "ni zangu?"

Wendy ananiangalia mimi.